Uliza Ujibiwe: Ahadi ya kuondoa umaskini iko katika fungu lipi?

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu ahadi za viongozi za kupambana na umaskini, nasi tulijiandaa kupokea malalamiko. Malalamiko yamefika kweli, lakini barua nyingi zilibeba swali la kiutendaji zaidi kuliko tulivyotarajia: mtu wa kawaida, asiye na cheo wala wakili, aanzie wapi kumbana aliyeahidi? Tumechagua barua chache na kuzifupisha.

Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mpunga. Nilisikia redioni kwamba marais wa Afrika waliahidiana zamani kutenga asilimia kumi ya bajeti kwa ajili ya kilimo ili kuondoa njaa na umaskini. Banio la skimu yetu ya umwagiliaji, yaani kizuizi kinachoelekeza maji ya mto mferejini, lilisombwa na mafuriko, na kila mgombea anayepita anasema litajengwa upya. Wazee wanasema ahadi ni deni. Je, hiyo ahadi ya asilimia kumi ni ya kweli, na nikienda kuidai nimdai nani?
*Mkulima, Mkoa wa Morogoro*

Ndugu yetu, ahadi hiyo ni ya kweli. Ilitolewa Maputo, Msumbiji, mwezi Julai 2003, ambako wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kwamba katika muda wa miaka mitano kila nchi ingekuwa inatenga angalau asilimia 10 ya bajeti yake kwa kilimo. Miaka mitano ikapita. Juni 2014 wakakutana Malabo, Guinea ya Ikweta, wakairudia ahadi ile ile na kuongeza kwamba njaa ingekomeshwa ifikapo mwaka 2025, na safari hii wakakubali kupimwa kila baada ya miaka miwili mbele ya wenzao. Katika tathmini ya kwanza, iliyotolewa mwaka 2018, nchi 20 kati ya 47 zilizowasilisha taarifa zilionekana kuwa njiani kutimiza waliyoahidi. Katika ya pili zikabaki nchi 4. Katika ya tatu ikabaki Rwanda peke yake. Na katika ya nne, mwaka 2024, haikuonekana hata moja. Kwa haki ni lazima niseme kwamba kiwango cha kufaulu kilikuwa kinapanda kila awamu. Hata hivyo kupanda huko kulijulikana tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyeshtukizwa. Januari 2025 viongozi wakakutana tena, Kampala, wakatoa azimio jingine la miaka ya 2026 hadi 2035.

Sasa nirudi kwa wazee wako. Wanaposema ahadi ni deni wanafikiria deni la dukani, ambalo lina mdai, mdaiwa, kiasi na siku ya kulipa, na yote manne yameandikwa katika daftari la mwenye duka. Ahadi ya Maputo ilikuwa na kiasi na ilikuwa na siku, lakini waliokubaliana ni marais, anayeidhinisha fedha ni Bunge, anayezitoa ni Hazina, na wewe unayesubiri banio hukutajwa popote. Ukienda kwa yeyote kati ya hao atakuelekeza kwa mwenzake. Kazi yako basi ni kuishusha ahadi hiyo hatua kwa hatua mpaka ifike mahali penye daftari, na daftari la Serikali ni kitabu cha bajeti.

Humo kila wizara au taasisi ina sehemu yake yenye namba, iitwayo fungu: Wizara ya Kilimo iko katika Fungu 43, na Tume ya Taifa ya Umwagiliaji katika Fungu 05. Bajeti ya wizara imepanda kutoka takriban shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25, ongezeko ambalo mtu mwenye kusema kweli hawezi kulibeza. Lakini bajeti yote ya Serikali mwaka 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35, kwa hiyo fedha za wizara peke yake ni kama asilimia 2.5. Mtaalamu atakujibu, naye atakuwa sahihi, kwamba hesabu ya Maputo inajumlisha pia mifugo, uvuvi na mambo mengine yaliyo katika mafungu mengine. Mwombe basi akupe hesabu hiyo kamili, mstari kwa mstari, kwa maana kiongozi anayejivunia asilimia kumi anapaswa kuwa na karatasi inayoonyesha jinsi alivyozifikia.

Kuna kosa moja ambalo hata sisi waandishi tunalifanya kila mwezi Juni, la kushangilia tarakimu iliyoidhinishwa. Fedha zilizoidhinishwa na fedha zilizotolewa ni vitu viwili tofauti, na katikati yao ndimo mabanio mengi hupotelea. Kila waziri anaposoma hotuba ya bajeti Dodoma hueleza kwanza utekelezaji wa mwaka unaokwisha: wizara iliidhinishiwa kiasi gani, na mpaka tarehe fulani ilikuwa imepokea kiasi gani. Anza kusoma hotuba hiyo ukurasa huo. Kisha tafuta orodha ya skimu zinazojengwa au kukarabatiwa. Kama skimu yenu imo, unayo nguvu ya kuuliza mkandarasi ni nani na amelipwa lini. Kama haimo, mgombea aliyekuahidi hakuwa na pa kuichota hiyo ahadi, na ni vema ukajua hivyo mapema kuliko kusubiri uchaguzi mwingine.

Zingatia pia majira. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango ya vijiji na kata hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo, kisha halmashauri hujadili bajeti zao mwanzoni mwa mwaka, na Bunge hulifikia jambo hilo Aprili hadi Juni. Anayelalamika mwezi Julai amefika sokoni wakati meza zinafungwa. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, unatakiwa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Ule wa mwishoni mwa mwaka ndio wa kulisimamishia suala la banio, na msiondoke kabla ya mtendaji wa kijiji kuliandika katika muhtasari. Ombi lililomo katika muhtasari lina namba na tarehe, na mtu akilipuuza itaonekana nani amelipuuza.

Mhariri wetu, mimi ni katibu wa kikundi cha mama lishe. Tumejaza fomu za mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri mara mbili. Mara ya kwanza tuliambiwa mikopo imesimamishwa, mara ya pili tukaambiwa fedha hazijaingia. Diwani alipokuwa anaomba kura alisema fedha zipo tele. Tumsadiki nani?
*Katibu wa kikundi, Mkoa wa Pwani*

Dada Katibu, inawezekana wote walikuambia ukweli, kila mmoja kwa wakati wake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi ambavyo havikuwapo kabisa, na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Jibu la mara ya kwanza basi lilikuwa na msingi. Hili la mara ya pili ndilo la kuchunguza.

Kati ya ahadi zote za kupunguza umaskini zilizowahi kutolewa nchini, hii naipenda kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na daftari nililomtajia mkulima wa Morogoro. Haiko katika ilani wala katika hotuba ya mkutano wa hadhara. Iko katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, kinachoitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mdai ni wewe, mdaiwa ni halmashauri, na kiasi kinapigiwa hesabu kwa kalamu na karatasi.

Tuipige. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba halmashauri imekusanya shilingi bilioni 2 kwa mwaka, na kati yake milioni 400 ni mapato lindwa, yaani fedha ambazo zimekwisha kufungwa kwa matumizi maalumu, kama michango ya huduma ya afya. Yanabaki bilioni 1.6. Asilimia 10 yake ni milioni 160, na sehemu ya wanawake ni milioni 64. Hapo hujaongeza marejesho ya waliokopa kabla yenu, ambayo nayo yanapaswa kukopeshwa tena. Sasa jibu la kwamba fedha hazijaingia linaweza kupimwa: robo ya mwaka iliyopita halmashauri ilikusanya kiasi gani, kiasi gani kilihamishiwa katika akaunti ya mikopo, na marejesho yalikuwa kiasi gani? Kama makusanyo yaliingia, asilimia kumi yake ilitakiwa kuingia pamoja nayo.

Waandikieni barua rasmi mkurugenzi mtendaji na nakala kwa afisa maendeleo ya jamii, mkitaja kwamba mnaomba taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa mapokezi. Vikao vya baraza la madiwani navyo viko wazi kwa wananchi, ingawa hamtaruhusiwa kuzungumza. Nendeni wanne au watano na vitambaa vyenu vya kazi, mkae kimya, mkiwa na daftari na kalamu. Nimewahi kukaa katika viti hivyo vya nyuma, na naweza kukuhakikishia kwamba madiwani husoma taarifa kwa makini zaidi wakiona mtu anaandika.

Sitakuficha upande wa pili, hata hivyo. Sababu mojawapo ya mikopo hii kusimamishwa ni wakopaji wenyewe, waliochukua fedha za halmashauri kama zawadi ya uchaguzi. Mkipata mkopo, rejesho lenu la kwanza lifike siku yake. Kikundi kinachodaiwa hakina mdomo wa kudai.

Bw. Mhariri, kwa nini tusiwashtaki viongozi mahakamani kwa kutotimiza ahadi za kuondoa umaskini? Katiba yetu ya Kenya inatambua haki ya chakula, maji, makao na afya. Huku Kwale bado tunachota maji na ng'ombe.
*Mwanafunzi wa sheria, Kwale*

Mwanangu, nyinyi mna silaha ambayo sisi wa upande huu wa mpaka tunaitamani. Katiba ya Tanzania, katika Ibara ya 9, inaelekeza kwamba utajiri wa Taifa utumike kwa maendeleo ya wananchi na hasa katika kuondosha umaskini, ujinga na maradhi, ile safu ya maadui watatu tuliofundishwa tangu uhuru. Maneno mazito, ila Ibara ya 7 inasema kwamba hakuna mahakama inayoweza kutoa amri ya kuyatekeleza. Kwenu, Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatambua haki hizo kama haki kamili, na Kifungu cha 20 kinaitaka Serikali, ikidai haina uwezo, ithibitishe yenyewe kwamba haina.

Lakini usiifanye mahakama kuwa mlango wa kwanza. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, walibomolewa makazi yao mwaka 2011. Mahakama ya Upeo ilitoa uamuzi wake Januari 2021. Uamuzi ule ulikuwa muhimu sana kwa haki ya makao na kwa uwezo wa mahakama kuendelea kusimamia utekelezaji wa amri zake, ila mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ya tingatinga alikuwa amekwisha kuwa kijana mwenye ndevu.

Kwa maji ya Kwale ningekuelekeza kwanza kwenye Kifungu cha 204, kinachoanzisha Hazina ya Usawazishaji. Kila mwaka nusu ya asilimia moja ya mapato ya Serikali ya kitaifa inapaswa kwenda katika hazina hiyo kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, na Kwale imo katika orodha ya kaunti 14 zilizotambuliwa mwanzoni. Hapa kuna fundo ambalo mwanafunzi wa sheria anaweza kulifungua: nusu asilimia hiyo huhesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Wabunge wakichelewa kuidhinisha hesabu, fungu la Kwale linapigwa kwa mapato ya miaka iliyopita, yaliyo madogo. Na hazina yenyewe iliwekewa miaka 20, ambayo inaishia 2030, isipokuwa Bunge liiongeze. Kifungu cha 119 kinakupa haki ya kuliandikia Bunge ombi rasmi, na ombi la kutaka hesabu ziidhinishwe kwa wakati halihitaji ada ya wakili.

Mhariri, mnawapotosha wananchi. Umaskini hauondolewi na ahadi za mtu yeyote. Mwenye kufanya kazi hawi maskini.
*Msomaji, Moshi*

Ndugu msomaji, ningekubaliana nawe kama maskini wa nchi hii wangekuwa wamelala. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya Watanzania waliishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, ambao ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na vijijini walikuwa asilimia 31.3. Hao wa vijijini ndio wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda shamba. Kiwango hicho cha taifa kilikuwa asilimia 34.4 mwaka 2007 na 28.2 mwaka 2011/12. Maana yake kasi ya kupungua ilikuwa nzuri, kisha ikalegea, wakati Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 ilikuwa imelenga kwamba kufikia mwaka huo umaskini uliokithiri uwe umetoweka. Watu hawakuacha kulima kati ya 2012 na 2018.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni diwani. Safu yako inatuchongea. Wananchi wanatudai barabara, maji, umeme, hata bei ya mahindi. Ahadi zinaandikwa juu, sisi tunatumwa kuzisema. Tukae upande gani?
*Diwani, Kanda ya Ziwa*

Mheshimiwa Diwani, nakushukuru kwa kuandika, maana ni wachache wa nafasi yako wanaotuandikia, na lalamiko lako lina haki. Barabara za vijijini na mijini zilihamia kwa wakala wa Serikali uitwao TARURA mwaka 2017, maji ya vijijini yakahamia kwa wakala mwingine, RUWASA, mwaka 2019, na umeme haukuwahi kuwa wa baraza lako. Diwani wa leo anaomba kura kwa mambo ambayo mengi hana kalamu ya kuyasainia.

Hata hivyo hakuna aliyekulazimisha kuyaahidi. Kosa si la kutojua mipaka ya madaraka yako, kwa sababu unaijua vizuri. Kosa ni kuikumbuka baada ya kuapishwa. Nakushauri, kwa heshima, katika mkutano wako ujao wa kata uzigawe ahadi zako mafungu mawili mbele ya watu. Yale yaliyo ndani ya kura yako katika baraza, kama matumizi ya mapato ya ndani, ushuru wa soko, ile mikopo ya asilimia kumi, na umaliziaji wa madarasa na zahanati zilizoanzwa kwa nguvu za wananchi, yasemee kwa kiasi na kwa tarehe. Yale yaliyo nje ya kura yako, sema ni ya taasisi gani, umeiandikia lini na imekujibu nini. Soma barua yenyewe kama unayo. Utapoteza makofi kidogo siku hiyo, lakini mwananchi atakayekuja kukudai mwezi ujao atakuja na swali unaloweza kulijibu, na swali la barabara litakwenda kwa meneja wa TARURA wa wilaya, ambaye kwa muda mrefu amestarehe nyuma ya mgongo wako.

Mhariri, nchi tajiri nazo ziliahidi asilimia 0.7 ya pato lao kwa nchi maskini. Sisi tulio Uingereza tunaweza kufanya nini, au hilo halituhusu?
*Mtanzania, Reading*

Linawahusu zaidi ya mnavyodhani. Ahadi hiyo iliingia katika azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Oktoba 1970, na mpaka leo ni nchi chache zilizowahi kuifikia, zikiwemo Sweden, Norway, Denmark na Luxembourg. Uingereza iliifikia mwaka 2013 na kuiweka katika sheria mwaka 2015, kisha ikashuka hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 serikali yake ikatangaza kushuka tena hadi 0.3 ifikapo 2027. Tazama jambo hilo: kiasi kilikuwapo, sheria ilikuwapo, na bado imepunguzwa. Wapiga kura waliopaza sauti walikuwa wachache mno.

Hapo ndipo unapoingia wewe. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge la huko, na Tanzania na Kenya ni wanachama. Wengi wenu hamjajiandikisha kwa kudhani kura ni ya wenye pasipoti ya nchi hiyo. Jiandikishe kwanza, kisha omba miadi na mbunge wa jimbo lako siku anayosikiliza wakazi, ambayo mara nyingi huwa mwishoni mwa wiki, umwulize alipiga kura gani kuhusu punguzo la mwaka 2021 ikiwa alikuwemo bungeni, na ataunga mkono tarehe ipi ya kurudi kwenye 0.7. Akikujibu kwamba nchi itarudi hali ya uchumi ikiruhusu, mwombe akuandikie hali hiyo ni ipi, kwa tarakimu.